XAD-7 kwa wanaokuza seli za mimea: inafanya kazi kweli

Kama unakuza seli za Catharanthus roseus, lile ua lenye asili ya Madagaska, hii resini nunua tu aisee. Ni vishanga vidogo vyeupe, unavitia kwenye chupa seli zikiwa bado hai, zikitoa tu ajmalisini (ile dawa ya presha) vinainasa palepale, kwa hiyo haikai kwenye maji ikaharibika na seli nazo zinaendelea kutengeneza nyingine. Mi navifunga kwenye kifuko cha neti, kuvitoa inakuwa rahisi mno, halafu unaosha na methanoli dawa inatoka. Ila usivitie vingi mapema sana, vinanyonya mpaka homoni za kukuzia, seli zinadumaa. Na kabla ya kutumia vioshe vizuri.