Pasi ya filamu za makala kuhusu rangi na historia: uzoefu wangu tamashani

Nilichukua pasi ya filamu za makala peke yake, nikaacha ile ya tamasha zima, kwa sababu safari hii waandaaji walikusanya filamu zinazohusu rangi na historia, mpya na za miaka ya nyuma, wakazionesha kwa mfululizo. Baadhi ya filamu hizo zimo kwenye intaneti, kwa hiyo mtu ana haki ya kuuliza kwa nini alipie kitu anachoweza kukitazama kwa simu akiwa amejilaza. Mimi nasema inafaa, tena inafaa sana. Ukizitazama moja moja, kila filamu ni msiba wa watu fulani wa mahali fulani. Ukizitazama pamoja unaanza kuona kinachoziunganisha: karibu kila moja inamhusu mtu aliyenyang'anywa ushahidi wa maisha yake, na mwingine aliyeutia kabatini na kuondoka na ufunguo. Mifupa, sanamu, mikanda ya filamu, hati za ardhi.

Iliyonishika kuliko zote ni The Empty Grave, ya waongozaji Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay, iliyozinduliwa kwenye tamasha la Berlin mwaka 2024. Wengi wetu tunaosoma Kiswahili tulifundishwa Vita vya Maji Maji darasani. Tunaijua miaka, 1905 hadi 1907, tunamjua Kinjikitile, tunajua kwamba Wajerumani walimnyonga Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, mwaka 1906. Filamu inaanzia pale kitabu kilipoishia, kwa kuuliza kichwa chake kilipelekwa wapi. Kitukuu wake, mwanasheria kijana, anahangaika pamoja na mkewe kutafuta jibu, kuanzia Songea hadi Berlin. Ukoo mwingine wa Meru, wa akina Kaaya, nao unamtafuta mzee wao. Hakuna msimulizi wa kutufundisha la kufikiri. Tunakaa na familia, tunasikia wanavyobishana na wanavyonyamaza. Wazee wanaongea Kiswahili chao cha kila siku, na ukumbini wengine wakawa wanafukuzana na maandishi ya tafsiri wakati mimi nasikiliza tu. Sikumbuki tamasha jingine lililowahi kunipa nafasi hiyo.

Filamu haikawii kwenye sababu ya wizi wenyewe, nami ningependa ikawie. Wataalamu wa Ulaya wa zama zile walikusanya mafuvu kutoka makoloni ili wayapime, wakiamini kwamba vipimo vingethibitisha kuwa binadamu wamepangwa kwa ngazi, na Mzungu ndiye wa juu. Hayakuwa mambo ya mkusanyaji mmoja mwenye kichaa. Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia, ya Berlin, ilipotoa mwaka 2023 matokeo ya kuchunguza asili ya mafuvu ya Afrika Mashariki yaliyokuwa mikononi mwake, yalikuwa zaidi ya 1,100, mengi yao ya Rwanda. Novemba mwaka huohuo Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea akaomba radhi. Mtu akiingia ukumbini akiwa na habari hizo, ataelewa kwa nini familia hazishangilii kirahisi. Radhi imetamkwa, lakini mtu wao hajazikwa mwili pamoja na kichwa.

Kipindi cha maswali baada ya filamu hiyo kiliendeshwa vizuri. Waliachia watu wazungumze, na muda wa ukumbi ulipokwisha wahudumu walitusogeza kwenye ukumbi mdogo wa jirani badala ya kutufukuza. Nawashukuru kwa hilo. Laiti ingekuwa hivyo kila mara.

Jioni iliyonifikirisha kuliko zote ni ile waliyoonesha Dahomey na Descendant, moja baada ya nyingine, tukipewa mapumziko mafupi mno katikati. Dahomey ya Mati Diop ni fupi, dakika 68, na ndiyo iliyotwaa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin, mwaka 2024. Inafuatilia vitu 26 vya wafalme wa Dahomey, ufalme wa zamani katika Benin ya leo, vilivyoporwa na jeshi la Ufaransa mwaka 1892 na kurudishwa Benin Novemba 2021. Mwongozaji ameipa sauti sanamu ya Mfalme Ghezo, inanguruma kwa Kifon kutoka gizani mwa sanduku lake. Mara ya kwanza inasisimua. Ilipoendelea nilianza kuchoka nayo, kwa sababu mbao zile zilipokuwa zinapakiwa na kufunguliwa kimyakimya zilikuwa zimeshasema vya kutosha. Moyo wa filamu ni mjadala wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Abomey-Calavi. Kuna anayefurahi, kuna anayeona ni tusi kurudishiwa 26 katika maelfu, kuna anayeuliza wanakijiji wataingiaje kwenye jumba la makumbusho kuwaona mababu zao. Ningetazama mjadala ule peke yake kwa saa mbili.

Halafu ikaja Descendant ya Margaret Brown, ya mwaka 2022. Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje mwaka 1808. Mwaka 1860 tajiri mmoja wa Mobile, Alabama, Timothy Meaher, alituma merikebu iliyoitwa Clotilda hadi Ouidah, bandari iliyoko Benin ya leo, ikarudi kwa siri na mateka wapatao 110, kisha ikachomwa moto ili kuficha kosa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu wale walishindwa kupata njia ya kurudi kwao, wakanunua ardhi na kuanzisha makazi yao, Africatown. Kwa vizazi walisimulia habari za merikebu hiyo na kwa vizazi wakaonekana waongo, kwa kuwa hapakuwa na mabaki ya kuonesha. Mabaki yalithibitishwa mwaka 2019, mtoni Mobile. Lakini mwongozaji hakuishia kwenye mbao zilizozama. Kamera inazunguka Africatown yenyewe, iliyozingirwa na viwanda, na inauliza ardhi inayovizunguka ni ya nani. Sehemu kubwa bado ni ya uzao wa Meaher. Wakazi wanasoma kwa zamu maneno ya Kossola, aliyeitwa Cudjo Lewis huko Marekani, mmoja wa walioletwa na Clotilda, yaliyoandikwa na mwandishi Mmarekani Zora Neale Hurston katika kitabu Barracoon. Kitabu hicho kilikaa bila kuchapishwa hadi mwaka 2018. Kossola alifariki mwaka 1935.

Sasa ziweke filamu hizo mbili pamoja. Kossola na wenzake walitekwa na jeshi la ufalme wa Dahomey wakati wa Mfalme Glele, mwana wa Ghezo, wakauzwa Ouidah. Na miongoni mwa vile vitu 26 imo sanamu ya Glele, mtu mwenye sura ya simba, ambayo dakika chache kabla tulikuwa tumeitazama ikipokewa kwao kama hazina. Nilihisi tumbo linasokota. Hakuna lililofutwa: Ufaransa iliiba, na kilichoibwa lazima kirudi. Meaher alinunua watu, na uzao wake umeneemeka. Lakini mtu wa Africatown akisimama mbele ya sanamu ile, anasimama kama nani? Kama ndugu aliyerudi, au kama mjukuu wa aliyeuzwa na huyu hapa? Filamu yoyote kati ya hizo mbili, ikiwa peke yake, haikupeleki hapo. Ratiba ndiyo iliyonipeleka.

Mama mmoja aliyekaa safu za mbele aliuliza swali hilohilo, kwa upole kabisa. Mwendesha mjadala alimshukuru, akasema muda umekwisha, akahamia kwenye swali la aina ya kamera iliyotumika. Hapo tamasha lilinikera kwelikweli. Kama umepanga filamu mbili zinazogongana namna hiyo, mwalike mwanahistoria, tenga saa nzima, kubali watu watofautiane. Umeshawakusanya, na swali lenyewe umelizaa wewe.

Soundtrack to a Coup d'Etat ya Johan Grimonprez sitaisemea sana, kwa kuwa waliiweka usiku na ina dakika 150. Ni filamu ya akili nyingi. Inasuka muziki wa jazi na kuangushwa kwa Patrice Lumumba: Louis Armstrong akitumbuiza Kongo mwaka 1960 huku njama zikiendelea nyuma yake, wanamuziki Abbey Lincoln na Max Roach wakivamia kikao cha Baraza la Usalama Februari 1961 baada ya habari za mauaji kutoka. Kila dai linawekewa chanzo chake palepale kwenye skrini, jambo ninaloliheshimu, ila nukuu zinapita kasi, na anayesoma tafsiri pia atakosa kimoja kati ya viwili. Hii itazame nyumbani, mahali unapoweza kusimamisha na kurudisha nyuma. Nilitoka nikikumbuka kwamba kilichobaki cha Lumumba ni jino moja, na kwamba Ubelgiji iliirudishia familia yake jino hilo mwaka 2022 tu. Tuko kabatini tena.

Walifunga na Summer of Soul ya Questlove, na walichagua vema. Mwaka 1969 maelfu kwa maelfu ya watu walijaa kwenye bustani moja ya Harlem kuwasikiliza Stevie Wonder, Nina Simone, Mahalia Jackson na wengine wengi. Hal Tulchin alirekodi yote, akatafuta wa kununua, akakosa, na mikanda ikakaa chini ya nyumba karibu miaka 50. Ipo sehemu ambapo mwanamume aliyekuwa mtoto mdogo siku zile anaoneshwa picha hizo, naye anatokwa machozi kwa sababu alikuwa ameanza kujishuku kama alichokumbuka kilitokea kweli. Ukumbi mzima uliimba na Mahalia. Filamu za rangi na historia si lazima ziwe za vifo tu, na nashangaa waandaaji walingoja hadi mwisho kutukumbusha.

Kwa upande wa huduma: sauti ilikuwa safi, viti vizuri, wahudumu wenye adabu, na kabla ya filamu zenye picha za ukatili tulionywa. Tafsiri ya maandishi ilikuwa kwa Kiingereza peke yake, jambo linalowafungia nje watu ambao filamu kadhaa zinawahusu moja kwa moja. Pia ieleweke kwamba pasi haikuhakikishii kiti. Inabidi uweke nafasi ya kila filamu kwenye programu ya simu, na The Empty Grave ilijaa mapema kuliko zote, kwa hiyo ianze hiyo, kisha zile mbili za jioni moja, nyingine zitapatikana hata mlangoni.