Uzoefu wangu: kuomba nakala ya hukumu ya talaka katika mahakama ya wilayani, nikiwa Lubumbashi

Mwezi Februari 2024 nilikwenda katika ofisi ya eta sivili (inayoandikisha vizazi, ndoa na vifo) ya komine, yaani serikali ya mtaa ninamoishi, hapa Lubumbashi, Kongo, ili kuandikisha ndoa yangu ya pili. Afisa alinipokea vizuri, akasoma karatasi zangu moja moja, kisha akaniuliza iko wapi hukumu ya talaka ya ndoa ya kwanza, na kiko wapi cheti cha kuthibitisha kwamba hakuna aliyeikatia rufaa. Nilichokuwa nacho ni barua ya wazee, iliyotiwa saini mwaka 2014 na wajomba wa pande zote mbili, ikieleza kwamba mali ya ndoa (mahari) ilikwisha kurudishwa. Aliirudisha mikononi mwangu kwa heshima, akanifahamisha kwamba kufuatana na Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, talaka hutamkwa na hakimu peke yake, na kwamba mapatano ya koo mbili, hata yakiwa na mashahidi wengi namna gani, hayavunji ndoa iliyoandikwa komine.

Hukumu ilikuwapo. Kesi yangu iliamuliwa mwaka huo huo wa 2014, lakini mbali na hapa, kwa sababu mume wangu wa zamani alikuwa amerudi kwao, katika wilaya moja ya vijijini ya mkoa wetu wa Haut-Katanga, na kwetu mtu hushtakiwa mbele ya hakimu wa mahali anapokaa. Nilihudhuria vikao, nikasikia hukumu ikisomwa, nikapanda gari na kurudi nyumbani bila kuomba karatasi hata moja. Niliamini kwamba neno la hakimu, likishasemwa, limekwisha. Miaka kumi nimeishi na imani hiyo, na ninaandika haya kwa ajili ya wanawake na wanaume ambao bado wanayo.

Nilianza vibaya. Badala ya kwenda mwenyewe, nilimpa kazi hiyo komisyonere (dalali) mmoja, miongoni mwa wale wanaowangojea watu karibu na ofisi wakisema wanajua njia zote. Alidai pesa ya safari, kisha pesa ya kufungua dosye (faili), kisha ya kumtia moyo karani, na hakuna hata mara moja aliponipa risiti. Baada ya majuma sita aliniletea karatasi yenye muhuri mkubwa na saini isiyosomeka. Kwa bahati niliionyesha kwanza kwa avoka (wakili) wa parokia yetu, ambaye aliitazama kwa muda mfupi tu: haikuwa na numero ya RC (rôle civil, daftari la kesi za kiraia), haikutaja majina ya mahakimu, wala haikuonyesha ukurasa wa daftari. Alinikataza kabisa kuipeleka komine, kwa kuwa anayetumia hati ya uongo hushtakiwa sawa na aliyeitengeneza. Pesa zangu zilipotea, na huduma ya namna hiyo simshauri mtu yeyote aitumie, hata akiwa na haraka ya namna gani.

Numero ya RC ndiyo ufunguo wa kazi yote. Kila kesi ya kiraia inapoingia mahakamani huandikwa katika daftari na kupewa numero yake, na dosye, hukumu ya asili na barua zote zinazofuata hubeba numero hiyo hiyo. Aliye nayo hupata nakala yake upesi. Asiye nayo hutafutiwa kwa jina, ukurasa kwa ukurasa. Kabla ya kusafiri, fungua masanduku ya nyumbani: barua ya mwito, risiti ya kufungua kesi, hata kipande cha karatasi ulichoandika siku ya kikao. Mimi sikuwa na kitu. Nilichokumbuka ni kwamba hukumu ilisomwa baada ya mavuno ya mahindi.

Nilingoja mvua zikatike, na mwezi Mei nikasafiri. Avoka alikuwa amenisaidia kuandika barua ya maombi kwa karani mkuu wa mahakama ya amani, yaani ile ya wilayani iliyoamua kesi yangu, yenye majina kamili ya mume na mke, mwaka wa hukumu, sababu ya kuomba nakala, na fotokopi ya kadi yangu ya mpigakura. Fika na barua mbili: moja wanabaki nayo, nyingine wanaitia muhuri wa kupokelewa na tarehe, nawe unaitunza. Bila muhuri huo, ukirudi juma linalofuata, ni kana kwamba hukuja.

Karani aliyenipokea ni mtu ninayemshukuru mpaka leo. Ofisi yake ina meza moja na kabati mbili za mbao, na madaftari ya chini yalikuwa yameshika unyevu hata kurasa zikagandamana, lakini alizifungua polepole kwa ncha ya rula bila kuichana hata moja. Tulitafuta mwaka 2014 wote chini ya jina langu tusione kitu. Hapo akaniomba nimtajie majina yangu yote kwa mpangilio tofauti. Sisi Wakongo tuna jina, jina la pili na lile la ubatizo, na aliyeandika siku ile aliweza kuanza na lolote. Kweli, nilikuwa nimeandikwa kwa jina la pili, tena kwa herufi moja iliyobadilika. Jina la mume lilikuwa sawa. Tungeanza na lake tungemaliza asubuhi. Kwa hiyo waulize watafute majina ya pande zote mbili, na usione haya kumtajia karani namna zote ambazo jina lako limewahi kuandikwa.

Hukumu yenyewe ilikuwa na kichwa cha “Province du Katanga”, kwa kuwa mkoa wetu uligawanywa mwaka 2015 tu. Nilipata wasiwasi kwamba komine wangeikataa. Hawakuikataa. Hati huhifadhi jina la mkoa wa siku iliyoandikwa, na asiwepo wa kukutoza pesa ya “kuibadilisha”. Nilisoma nakala rasmi neno kwa neno kabla ya kulipa: majina, tarehe za kuzaliwa, tarehe ya ndoa, watoto na malezi yao. Kosa la herufi moja likionekana ukiwa pale pale ni rahisi kulizungumza. Ukiligundua umekwisha kurudi Lubumbashi ni safari nyingine. Malipo niliyafanya kwa risiti, na mambo yote yalichukua siku tatu.

Nilidhani nimemaliza. Kisha karani akafungua dosye tena, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mama, hukumu hii mume aliwahi kupelekewa?” Hakuna aliyekuwa amempelekea. Hapa ndipo pagumu kuliko pote, na hakuna aliyekuwa amenieleza. Muda wa kukata rufaa ni siku 30, lakini hauhesabiwi mpaka upande wa pili ujulishwe hukumu rasmi na tarishi wa mahakama, kwa karatasi inayotiwa saini. Anayeitaka hukumu ndiye anayepaswa kuomba ipelekwe, na mimi mwaka 2014 sikuomba. Basi miaka kumi yote rufaa ilikuwa bado wazi, na machoni pa komine nilikuwa mke wa mtu. Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia, sioni sababu ya kuficha.

Tarishi alikwenda kijijini siku iliyofuata. Mume wangu wa zamani, ambaye naye ana familia mpya, alitia saini bila ugomvi, na ninamheshimu kwa hilo. Nilirudi Lubumbashi kuhesabu siku. Zilipotimia, nililazimika kujua jambo lingine: cheti cha kutokata rufaa hakitolewi na mahakama iliyoamua, bali na karani wa mahakama ambayo rufaa ingepelekwa, yaani ile ya juu yake, tribunal de grande instance. Kwa kesi yangu ilikuwa katika mji mwingine. Safari hiyo nilimwachia mtetezi wa mahakamani, nikampa barua ya uwakilishi yenye saini yangu, nakala ya hukumu na karatasi ya tarishi. Alinipa risiti kwa kila malipo na kuniarifu kwa simu kila hatua, nami nilimlipa kwa moyo mweupe. Tofauti na yule komisyonere ni kubwa: huyu anatambuliwa na mahakama, na jina lake liko kwenye orodha ya wenye ruhusa.

Mwezi Agosti nilipeleka hukumu na cheti kwenye komine nilikofungia ndoa ya kwanza. Afisa alifungua daftari la ndoa, na pembeni mwa ukurasa wetu akaandika kwamba ndoa hii imevunjwa, numero ya RC, mahakama na tarehe. Niliomba nakala ya cheti cha ndoa chenye maandishi hayo ya pembeni, maana hiyo ndiyo karatasi ambayo ofisi zote huiamini kwanza.

Nikitoa maksi, karani wa wilayani ninampa zote, pamoja na unyevu wa kabati zake. Mahakama kwa jumla ninaipunguzia, kwa kuwa siku ya hukumu hakuna aliyetuambia kwamba iko hatua ya kumpelekea mwenzako karatasi, na maneno mawili kutoka mezani kwa hakimu yangeniokolea miaka. Ikiwa kesi yako inasomwa wiki hii, usitoke uani mwa mahakama bila numero ya RC mkononi na ombi la kupeleka hukumu likiwa limepigwa muhuri. Mdogo wangu, ambaye kesi yake ilisomwa Septemba, amekwisha kufanya hivyo.