Tairi la safari ndefu: ununue toleo jipya, la kati au la zamani?

Mwenye pikipiki kubwa ya safari anayetafuta tairi za inchi 17, yaani 120/70 ZR17 ya mbele na 180/55 ZR17 ya nyuma, anaweza kukuta vizazi viwili au vitatu vya tairi lilelile vikiuzwa kwa wakati mmoja, vipimo vikiwa sawa na bei zikipishana kiasi cha kumfanya asite. Muuzaji atamwambia kwamba jipya ndilo bora, na fundi atamwambia kwamba yote ni mpira tu. Ili tusizungumze hewani, nitazitumia tairi za Michelin, kwa sababu vizazi vyake vinafuatana waziwazi: Pilot Road 4 ya mwaka 2014, Road 5 ya mwaka 2018 na Road 6 ya mwaka 2022.

Kwanza tuulize ni nini hasa kilichobadilika. Wazo la kuweka mpira mgumu katikati, mahali panapoliwa na mwendo wa kunyooka, na mpira laini pembeni, mahali panaposhika barabara pikipiki inapolala kwenye kona, si geni. Pilot Road 2 ya mwaka 2007 tayari ilikuwa nalo, kwa hiyo muuzaji akikutajia hilo kama jambo jipya, msikilize kwa adabu na uendelee kuuliza. Mabadiliko makubwa yako kwenye mikato, ile mistari myembamba inayopasua utando wa maji na kuyapokea ili mpira uiguse lami. Mikato ya aina ya zamani hufifia kadiri tairi linavyolika, na mwendeshaji hugundua hivyo siku ya mvua, tairi likiwa limebakiza nusu ya maisha yake na kwa macho bado linaonekana zima. Katika Road 5 mikato ilitengenezwa kuwa myembamba juu na mipana chini, umbo ambalo lilihitaji vipande vya kalibu vilivyochapwa kwa chuma kwa mashine za 3D. Ukilitazama tairi la namna hiyo lililokwishatembea sana, utaona kwamba mkato uliokuwa kama uzi wakati wa kununua sasa umekuwa mfereji. Michelin yenyewe inasema kwamba Road 5 iliyokwishatembea zaidi ya kilomita 5,000 hufunga breki kwenye maji sawasawa na Pilot Road 4 mpya kabisa. Hayo ni maneno ya mwenye mali akiisifu mali yake, na mimi huyapunguza kidogo, lakini mwelekeo wake nauamini.

Kwa sababu hiyo nafasi ya kwanza naipa Road 5, mradi iwe imetengenezwa karibuni. Faida kubwa ya muundo mpya imo ndani yake tayari, na kwa kuwa si toleo la mwisho, mara nyingi bei yake huwa imeshuka.

Road 6 naiweka ya pili, ingawa kwa ubora wa tairi lenyewe ndiyo inayoongoza. Mtengenezaji anadai kwamba inashika barabara yenye maji kwa asilimia 15 zaidi ya Road 5 na kwamba inadumu kwa asilimia 10 zaidi. Piga hesabu: ikiwa bei yake imezidi ya Road 5 kwa sehemu moja ya kumi, umri wa ziada unakurudishia fedha yako, ikiwa imezidi kwa robo, sehemu kubwa ya nyongeza hiyo unainunulia mvua. Mtu anayesafiri wakati wa masika kwa sababu kazi haimpi nafasi ya kungoja, au anayeteremka mlima wa Kitonga nyuma ya malori lami ikiwa inateleza, ana haki ya kuipandisha Road 6 hadi nafasi ya kwanza bila kuniomba radhi. Anayetoka Jumapili asubuhi jua likiwaka hana sababu hiyo.

Nje ya Michelin, kama Pirelli Angel GT II ya mwaka 2019, yenye mifereji miwili mirefu katikati, itapatikana kwa bei ya chini, naihesabu kuwa sawa na Road 5.

Pilot Road 4 inabaki ya mwisho, na kinachoishusha zaidi ni umri kuliko muundo. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho: mbili za mwanzo ni wiki na mbili zinazofuata ni mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Niliwahi kununua tairi la nyuma kwa bei ya kutupa bila kuinama kusoma tarakimu hizo. Lilikuwa limekaa ghalani karibu miaka sita, na mvua ya kwanza iliponikuta juu ya mistari ya zebra, nyuma ilichepuka kama iliyokanyaga ganda la ndizi. Michelin hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya kutumika miaka mitano, na libadilishwe likifikisha miaka kumi hata kama halijaisha. Ukikuta la zamani lililotengenezwa karibuni, lichukue. Ukikuta la muundo mpya lililozeeka ghalani, liache.

Pikipiki nzito za kubeba abiria na mizigo zinahitaji toleo lenye alama ya GT, ambalo mwili wake umeimarishwa, na hapo usikubali kuuziwa la kawaida eti vipimo ni vilevile. Wenye pikipiki za miaka ya 1980 zenye rimu nyembamba wana uchaguzi wao: Bridgestone BT-45 na mrithi wake wa mwaka 2020, BT46, ambaye alibakiza sura ileile lakini akaongezewa silika, unga wa madini, kwenye mpira wa tairi la nyuma ili ashike vizuri zaidi kwenye maji. Kwao jipya ndilo la kuchukua. Tairi hizi si za radiali, yaani zile ambazo nyuzi zake za ndani hukatiza moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu, kwa hiyo usichanganye moja yake na radiali kwenye pikipiki moja.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji alete tairi zote mbili mwangani, usome tarakimu za kila moja, kwa maana si ajabu ya mbele na ya nyuma zikapishana miaka miwili. Zikishafungwa, jaza upepo kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, ambacho kwa nyingi za aina hii ni paundi 36 mbele na 42 nyuma, upime asubuhi tairi zikiwa baridi, na kilomita mia za kwanza usilaze pikipiki kwa nguvu.