Uzoefu wangu: mfuko wa kukunja mdomo ndani ya begi la mgongoni, msimu wa mvua

Mfuko huu nimeutumia msimu mzima wa mvua za kitropiki, kwa miguu, kwenye mabasi yanayofunga mizigo juu ya paa na kwenye mitumbwi. Ni wa lita 35, wa nailoni nyembamba iliyopakwa utando wa kuzuia maji kwa ndani. Hauna zipu, mdomo unakunjwa, kisha ncha zake mbili zinabanwa kwa klipu. Unakaa ndani ya begi, na hapo ndipo uzuri wake wote ulipo.

Wasafiri wengi hutegemea kava la mvua linalovikwa begi kwa nje. Kwa manyunyu linatosha. Ila mvua ikimwagika saa nzima bila kupumua, maji yanateremka shingoni, yanafuata mgongo na kupenya kwenye upande wa begi unaoegemea mwili, ambao kava haliufuniki. Yakishapenya hayana pa kutokea, yanatuama chini ndani ya kava. Begi langu limewahi kuloa kiasi kwamba nikibinya sponji ya mikanda maji yanachuruzika hadi viwikoni. Nikakunjua mdomo wa mfuko: soksi kavu, fulana kavu, shuka la kulalia kavu.

Siri iko kwenye mkunjo. Mimi naukandamiza mfuko kwa goti hewa itoke, nashika ule ukanda mgumu wa mdomoni, naunyoosha usiwe na kikunyanzi, halafu nakunja mara 3 au 4 kuelekea upande mmoja kabla ya kubana. Mkunjo mmoja hauzuii kitu, na kikunyanzi kimoja tu ni mfereji. Kwa hiyo usiujaze pomoni; bila nafasi juu, hakuna cha kukunja. Kabla ya safari ujaribu hivi: uache na hewa, ufunge, uzamishe mishono kwenye ndoo na uukandamize. Panapovuja patatoa vipovu.

Sasa kasoro. Kinachozuia maji kuingia kinazuia pia unyevu kutoka. Ukiweka humo nguo moja mbichi, kesho yake zote zinanuka uvundo. Nguo mbichi hubaki nje ya mfuko, hata kama begi litakuwa zito. Na kwa vile hewa yenyewe imejaa unyevu, suruali ya jinzi au fulana nzito ya pamba inaweza kukaa kambani siku mbili isikauke. Nimeziacha kabisa, nafungasha poliesta na sufu nyembamba: seti moja ya kutembea nayo iloe, nyingine ya kulalia isiyotoka mfukoni mchana kwa hali yoyote. Hili la pili ningemsisitizia kila anayeanza, maana asubuhi kishawishi cha kuvaa ile kavu ni kikubwa, na jioni unakuwa huna kitu.

Pia ni shimo moja refu, unachokitaka kiko chini daima. Vifuko vidogo vya rangi tofauti vimenisaidia. Simu, pasipoti na fedha naziweka kwenye kifuko chao chenye mkunjo wake, kisha ndani ya huu mkubwa.

Nailoni hii si ya kuburuzwa wala kukaa na vigingi vya hema au kisu, inatoboka. Kwa mzigo unaokaa wazi kwenye mtumbwi, tafuta mifuko mizito ya plastiki ya PVC, ingawa uzito wake mgongoni utausikia.

Naupa nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeikata kwa sababu ya utando wa ndani, ambao ukikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu huanza kunata na kubanduka. Ukirudi, ugeuze nje ndani, uusuuze kwa maji baridi, uanike kivulini, na usiukunje hadi ukauke mpaka kwenye mishono.