Gilligan's Island kwa DVD: nilifuata vichekesho, nikanaswa na Ginger

Binamu yangu alipokuja likizo kutoka Marekani aliniletea kasha zima la Gilligan's Island, kipindi cha vichekesho cha TV ya Marekani, misimu 3, sehemu 98. Kabla hujamtuma wako, sikiliza: deki ya sebuleni ilizitema diski zote. Zimefungwa kwa eneo la 1, la Marekani na Kanada, na deki za kwetu kwa kawaida ni eneo la 5. Nimeponea kwenye laptop kuukuu yenye mlango wa diski, ambayo nayo hukubali kubadilishwa eneo mara 5 tu, basi. Msimu wa kwanza, wa 1964, hauna rangi. Mimi haukunisumbua, wanangu waliondoka mmoja mmoja.

Kisa chenyewe ni chepesi. Watu 7 wanaondoka Hawaii kwa matembezi ya saa 3 baharini, dhoruba inawatupa kisiwani, na kila mpango wa kutoka unaharibiwa na Gilligan. Usiulize Ginger, nyota wa sinema kati yao, alipakia wapi magauni yote yale.

Kilichonishika ni wageni. Kisiwa hakionekani kwenye ramani, lakini kinapokea watu kama stendi ya matatu! Rubani mmoja anaruka hadi kwao halafu anashindwa kueleza alikuwa wapi. Mchekeshaji Phil Silvers anashuka kama prodyuza wa sinema mwenye makelele, na wale 7 wanamwigizia tamthilia ya Hamlet kwa nyimbo. Hiyo nimeirudia mara tatu. Kisha anakuja mwigizaji Zsa Zsa Gabor, mzaliwa wa Budapest, akiwa bibi tajiri anayetaka kujenga hoteli hapo na kuolewa na Profesa, mmoja wa wale 7. Haigizi sana, ni Zsa Zsa yuleyule, na lafudhi yake, na mikogo yake. Lakini yeye anameremeta kwa nusu saa, anaondoka, na hata njia ya kurudi kisiwani haikumbuki. Wiki inayofuata hayupo.

Ginger yupo. Ukiitazama sehemu ile baada ya kukaa na Ginger wiki nzima, unaona tofauti: kazi ya Zsa Zsa ya siku moja, Tina Louise, anayemcheza Ginger, alipewa kwa miaka 3. Sauti ya chini, mwendo wa pole, mkono begani kwa mwanamume anayetakiwa kulainishwa, kisha tuanze tena. Na huyu hakuwa mgeni wa sanaa. Alikuwa ametoka jukwaani Broadway, na alishaonekana katika filamu ya God's Little Acre ya 1958. Mara chache wanapomwachia aigize mtu mwingine, utani wake unakata kweli, nami nikawa nazisubiri hizo.

Kipindi kilikatwa 1967, lakini marudio hayakukatwa. Zilipotengenezwa filamu 3 za televisheni za kuwarudisha pamoja, kati ya 1978 na 1981, alikataa zote, na Ginger akachezwa na wengine. Zamani ningesema anaringa. Lakini sisi tuliokua na Vitimbi, vichekesho vya TV ya Kenya, tunajua: Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, na hadi anazikwa 2015 nchi nzima ilimlilia Mzee Ojwang', mhusika wake wa Kijaluo. Yeye alilibeba jina hilo. Tina Louise hakutaka kulibeba la Ginger, na sioni kosa lake.

Dawn Wells, aliyekuwa Mary Ann, alifariki Desemba 2020. Kati ya wale 7 akabaki Tina Louise peke yake, kwa hiyo maswali yote ya kisiwa sasa yanakwenda kwake.

Natoa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa ajili ya sehemu zinazowachora watu wa visiwa kama washenzi wa kuchekwa, hizo niliziruka. Anayetaka kuazima aje na laptop yake, yangu imebakisha mara 2.