Marfaa ya ubao mmoja kutoka Lamu: uzoefu wangu

Baba yangu husoma juzuu moja kila baada ya alfajiri. Miaka miwili iliyopita nilimnunulia marfaa, kile kibao cha kukunja cha kuwekea msahafu wakati wa kusoma, dukani hapa Mombasa, shilingi 1,800. Ilipendeza kwa macho, lakini Ramadhani haikuimaliza. Ilikuwa ni vipande viwili vilivyogandishwa kwa gundi, mwanya ukazibwa kwa unga wa msumeno, na siku ilipoachia, msahafu ulikwenda chini. Baba aliuokota, akaubusu, akanyamaza. Roho iliniuma sana.

Safari hii nikaenda kuagiza Lamu, kwa fundi niliyeelekezwa na shangazi. Karakana yake ni baraza na chumba kimoja tu, vumbi la mbao mpaka kizingitini. Anafanya kazi na wanawe wawili. Yeye alifundishwa na baba yake, na baba yake na babu, aliyehamia Lamu kutoka Siyu. Mtu wa pwani akisikia Siyu anaelewa: huko kisiwani Pate, karne ya 19, misahafu ilikuwa ikinakiliwa kwa mkono, na penye msahafu hutakiwa marfaa.

Nilipomweleza yaliyonipata, akanipa marfaa iliyokunjwa. "Tafuta palipoungwa, mwanangu." Nikaigeuza, nikapitisha ukucha kotekote, sikupaona. Hakuna msumari, hakuna gundi, hakuna bawaba ya chuma. Ubao ni mmoja. Katikati huchorwa meno, kisha patasi huingia upande huu na upande huu, jino moja baada ya jingine, mpaka meno yashikane kama vidole vya mikono miwili. Ndipo ubao hupasuliwa kwa msumeno kwa unene wake, kutoka juu hadi kwenye meno na kutoka chini hadi kwenye meno. Mbao mbichi haifai hapo, maana ikikauka hupinda na meno hukwama. Yenye kifundo nayo huvunjika.

Kijana wake mkubwa anatia nakshi vizuri mno, lakini meno ameruhusiwa kuyakata mwaka jana tu, baada ya miaka ya kuchonga mapambo na kunoa patasi za baba yake. Nilibahatika kumwona akiifungua moja. Aliisimamisha magotini, akaigonga kwa nyundo ya mti, taratibu, mara mbili. Unga mwembamba ukamwagika kutoka kwenye meno, na ubao uliokuwa mmoja ukafunguka kama kitabu. Mzee alikuwa ameacha kazi yake akisikiliza ule mlio wa kugonga tu, hata hakuangalia.

Kilichonifurahisha zaidi ni maswali. Baba anasoma akiwa chini mkekani au kwenye kiti? Msahafu wake una maandishi makubwa? Macho yake yakoje? Tangu nianze kununua vitu vya mbao sijawahi kuulizwa hayo. Kwa majibu yangu aliongeza urefu wa ubao na kuchimba ukingo wa chini kidogo zaidi ili msahafu mzito usiteleze. Nilichagua mbao ya mvule, na nakshi ya waridi moja kila upande na mnyororo pembeni.

Sasa kasoro, kwani zipo. Niliambiwa wiki tatu, zikawa sita, na simu nilipiga mimi kila mara. Nilitoa nusu ya shilingi 6,000 bila risiti. Hawana kitabu, wana neno lao tu, na kwangu walilitimiza, ila mwenye kuagiza kutoka mbali ajue hivyo. Tena waliipaka mafuta na kuifunga kabla hayajakauka. Ilivuka kwa mashua hadi Mokowe, ikapanda basi ikiwa ndani ya gunia, na nilipoiweka juu ya kitambaa cheupe iliacha alama ya kahawia isiyotoka mpaka leo. Ukipokea yako, iache kivulini siku tatu nne kwanza. Meno pia yalikuwa mazito wiki ya mwanzo. Mzee alinionya nisiyatie mafuta, yatalainika yenyewe kwa kufunguliwa na kufungwa, na ndivyo ilivyokuwa.

Huu ni mwezi wa nane tangu niipokee, inatumika kila siku na haijalegea. Baba akimaliza huikunja mwenyewe na kuiweka juu ya kabati, hataki mtu amsaidie. Nimeshaagiza ya pili, ndogo, ya mwarobaini, kwa mwanangu anayeanza chuo cha Kurani Januari.