Jumamosi Sita za Kuandika Shajara: Tathmini ya Darasa Nililohudhuria Area D

Kuanzia mwanzoni mwa Juni hadi katikati ya Julai nilihudhuria darasa la shajara bunifu lililofanyika kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi mdogo wa Area D hapa Dodoma, nikalipa shilingi 60,000 kwa vipindi sita vya saa mbili mbili. Tulikuwa wanawake 11, wengi wetu watumishi tuliohamia hapa kutoka Dar es Salaam baada ya serikali kuhamishia shughuli zake makao makuu, watu ambao wiki nzima tunaishi kati ya ofisi za Mtumba na vyumba vya kupanga, mbali na ndugu wanaotuita kwa majina ya nyumbani. Nilijiandikisha kwa sababu nilikuwa nimeanza kujiona sifai kwa lolote nje ya kazi niliyoajiriwa kuifanya, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mtu aliye katika hali hiyo ambaye anajiuliza kama fedha yake itapotea bure.

Kinachofundishwa si kuorodhesha matukio ya siku. Mwezeshaji huchanganya maandishi, michoro, rangi na picha zilizokatwa magazetini, ili hata mtu asiyepata maneno awe na pa kuanzia. Kipindi cha kwanza kilikwisha katika kukata na kubandika, na sina mengi ya kukisemea. Katika kipindi cha pili tulichora miraba saba ya wiki iliyopita, tukaipaka rangi kulingana na jinsi kila siku ilivyokuwa moyoni, kisha tukaandika sentensi moja chini ya kila mraba. Niliona kwamba siku yangu nzito kuliko zote ilikuwa Jumapili, wala si Jumatatu kama nilivyoamini siku zote, na wiki iliyofuata nikajiunga na kwaya ya kanisani ambayo nilikuwa nikiiahirisha tangu nihamie.

Kipindi cha tatu ndicho kilichonifanya niandike tathmini hii. Tuliambiwa tutaje mambo kumi mazuri kuhusu nafsi zetu, na kalamu zote zikasimama, kwa kuwa tumelelewa tukijua kwamba mtu hajisifu, husifiwa na wenzake. Mwezeshaji hakutulazimisha. Alitukumbusha majigambo, utanzu wa fasihi simulizi tuliousoma sekondari, ambamo mtu husimama mbele ya watu na kujitapa kwa matendo yake bila kuonekana mwenye majivuno, kwa sababu utanzu wenyewe umempa ruhusa. Tukaandika majigambo yetu. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa, “Mimi ndimi niliyemuuguza mama miezi minane, na kazini sikukosa hata siku moja,” na nilipoisoma kimoyomoyo nilielewa kwa nini orodha ya sifa ilinishinda: neno kama “jasiri” au “mvumilivu” ningeweza kulibishia, lakini jambo nililolitenda mwenyewe nisingeweza kulikana.

Kwa bahati mbaya, si mazoezi yote yalitungwa kwa uangalifu huo. Katika kipindi cha nne tuligawiwa karatasi iliyotutaka tumwandikie barua “mtoto wako wa ndani”, maneno ambayo bila shaka yalitafsiriwa neno kwa neno kutoka lugha nyingine, na mama mmoja aliyekuwa ameharibikiwa mimba mwaka jana aliyaelewa kama yalivyoandikwa. Alilia, nasi tukanyamaza. Ingetosha kabisa kusema “iandikie barua nafsi yako ya ulipokuwa na umri wa miaka minane”.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa katika kipindi cha tano, tulipoandika kuhusu jambo lililotuumiza. Zoezi hilo lina historia: mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti ambao wanafunzi wa chuo nchini Marekani waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, kuhusu mambo mazito ya maisha yao, na katika miezi iliyofuata wale walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda kituo cha afya mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Lakini mara tu baada ya kuandika, walijisikia vibaya zaidi. Hilo hatukuambiwa, na isitoshe tuliombwa tusome kwa sauti. Ukurasa wa namna hiyo haupaswi kusomwa na mtu yeyote ila mwenyewe. Vilevile ningependa mwezeshaji aseme wazi kwamba anayeshindwa kulala au anayetamani kufa anahitaji mtaalamu na si daftari. Katika mji wenye Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, ambayo jina lake bado watu wengi hulitumia kama tusi, kauli hiyo ikitoka kwa mtu tunayemwamini ingewapunguzia wengi aibu ya kwenda.

Kuhusu vifaa, daftari wanalouza kwa shilingi 25,000 ni zuri, ila si la lazima. Mimi nilitumia kaunta buku ya “quire” mbili kutoka duka la vifaa vya shule karibu na soko la Majengo, na tatizo pekee ni kwamba wino wa kalamu za rangi hupenya hadi upande wa pili, kwa hiyo penseli za rangi zinafaa zaidi.

Pamoja na kasoro hizo, nimemlipia mdogo wangu awamu ya Septemba. Nimemweleza kwamba akifika kipindi cha tano ana haki ya kufunga daftari lake na kusema hasomi, na mwezeshaji, nilipomfikishia maoni haya, aliniahidi kwamba hakuna atakayeombwa tena kusoma.